Blanketi Lililopita Kitanda

Fundi wa nguo ambaye hajawahi kumega kitambaa cha mteja bado hajazaliwa Migori, na kama amezaliwa basi hajafungua kazi. Unampelekea yadi zako, anazipima, anazipima tena, anakuna kichwa, halafu anakuambia kwa huruma nyingi kwamba kola italazimika kuwa ndogo kidogo. Unaenda zako na kola ndogo. Kipande kinabaki kwa fundi. Kila mtu analijua jambo hilo, hakuna anayelisema, na siku zinaenda.

Risper alikuwa fundi wa namna hiyo, tena hodari. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Noordin, mkono wa kushoto ukiingia, mahali ambapo mtu akishanunua kitambaa ndani anakutana na fundi kabla hajabadili nia. Watu walimwita Nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa kuwa alizaliwa Kendu Bay kabla ya kuolewa Kosele, na Waluo hawachoki kumkumbusha mwanamke alikotoka hata akiota mvi. Vipande vyake alivitia kwenye magunia ya sukari, na magunia akayasukuma chini ya kitanda katika chumba alichopanga nyuma ya soko. Hakuwa na mpango navyo wowote. Mkono ulishazoea kumega, basi ukawa unamega.

Mwenye mpango alikuwa Liz, mtoto wake wa pekee. Liz alipata nafasi katika shule ya bweni huko juu upande wa Kisii, ambako baridi ya usiku haina adabu, akarudi likizo ya kwanza akilalamika kwamba blanketi lake ni jepesi. Akayavuta magunia, akayamwaga sakafuni, akakaa katikati ya lile rundo akiwa na mkasi.

"Mama, hawa watu wote uliwaibia," alisema. "Si tushone blanketi moja kubwa, wanifunike wote."

Risper alimwambia achunge mdomo wake. Lakini alicheka, na alipocheka mambo yakawa yameamuliwa. Liz alikata miraba, mama akaunganisha kwa mashine. Kila likizo blanketi la viraka liliongezeka mistari michache, kisha likakunjwa kusubiri likizo nyingine. Walilifanya hivyo, bila haraka, kama watu wanaojua kwamba muda upo.

Mwaka wa tisini na tano, Liz akiwa kidato cha tatu, alirudi nyumbani na homa. Risper alidhani ni malaria ya kila siku. Alimpa dawa za dukani, akampikia uji, akarudi kwenye mashine kwa sababu kulikuwa na sare za kwaya zilizohitajika Jumapili. Homa ilipogoma kushuka walimpeleka hospitali. Liz alikufa asubuhi, mama yake akiwa ametoka kuchota maji ya kumpangusa uso. Alirudi na karai, akakuta wamemfunika.

Watu husema moyo ulipasuka. Wa Risper haukupasuka. Ulikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na ukawa hausikii ukiguswa. Aliweka karai chini, akauliza pale chumbani nani atatia sahihi.

Sasa, kule Kosele mama aliyefiwa na mtoto hulia. Si jambo la kujadiliwa. Gari lililobeba mwili likikaribia boma, wanawake hutoka mbio na nduru, mikono kichwani, wanazunguka nyumba wakiita jina la aliyekufa, na anayewaongoza ni mama. Kilio chake ndicho kinachowaambia majirani kwamba kweli kuna mtu ametoka hapa. Siku ile wanawake walikaa tayari, wakisubiri sauti ya Risper ili waingie nyuma yake. Risper alishuka garini, akanyoosha sketi, akauliza kama maji ya wageni yamechemshwa.

Ikawa aibu. Wanawake wengine wakaanza nduru wenyewe ili kufunika lile pengo. Dishon, mumewe, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya miwa upande wa Awendo, alilia mpaka wanaume wakamshika makwapa asije akaanguka. Risper alimwonea huruma, lakini huruma ya kumwonea mtu wa njiani usiyemjua. Yeye jicho lake lilikuwa limeenda kwenye jeneza. Kitambaa cheupe cha ndani kilikuwa kimefumuka kwenye pembe. Aliomba sindano na uzi, akapiga magoti, akaushona ule mshono vizuri, mbele ya watu wote, bila chozi.

Dishon alikuwa na dada, Helen, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Helen alimwangalia wifi yake pale chini na sindano, akasema kwa Dholuo, lugha yao, si kwa kunong'ona, kwamba mama mwenye macho makavu hivyo ni mama anayejua kitu. Mtu wa mbali anaweza kuyasikia maneno hayo na kuyaona mepesi. Si mepesi. Kusema mtu anajua kitu kuhusu kifo ni kusema ana mkono wake humo. Maneno yalikula chakula cha matanga pamoja na wageni, na wageni walipoondoka yakaondoka nao, na baada ya muda yakafika Migori yakiwa yamenenepa.

Risper aliyasikia. Angeumia kama angeweza. Kilichomsumbua ni kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuyajibu. Alikaa kitandani akajiuliza, bila hasira, kama kuna mama wa aina hiyo duniani, na kama ndiye yeye. Alijifinya mkono. Alitazama picha ya Liz ya kitambulisho cha shule, akaona msichana mwenye sikio moja lililojitokeza kuliko jingine. Basi. Ilikuwa kama kutazama picha ya mtoto wa mteja.

Wiki chache baadaye alivuta magunia. Alimweleza mtu mmoja tu sababu, Bonareri, Mkisii aliyeuza ndizi ng'ambo ya barabara mkabala na duka la Noordin na ambaye alikuwa na tabia ya kuvuka barabara kila mchana kuja kukaa karibu na cherehani.

"Nitalia hii kitu ikiisha," Risper alisema.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimejiambia mimi. Liz aliiacha katikati. Nikiweka mshono wa mwisho, hapo nitajua ameenda."

Bonareri alimenya ndizi moja, akampa. "Basi maliza haraka, mama Liz. Ndiyo ulie, ndiyo ule vizuri. Umekonda."

Ila hakumaliza. Hapo ndipo kituko kilipoanza. Blanketi lilifika ukubwa wa kitanda cha shule, saizi waliyokuwa wamekusudia na Liz, na Risper akaongeza mstari mmoja ili liwe na nafasi. Kisha mwingine. Likapita kitanda cha shule, likafika kitanda chake yeye, likakipita nacho. Kila jioni alikaa na vipande, rangi ya kahawia karibu na buluu, cheki karibu na maua, mguu ukikanyaga, gurudumu likizunguka. Hakufurahi wala hakusikitika. Kwa muda ule mashine ikiwa inalia, hakuwa na haja ya kuwa kitu chochote. Ikinyamaza, anaongeza mstari.

"Sasa hii ni ya kufunika nani?" Bonareri alimuuliza. "Ama unataka kufunika soko yote ikinyesha?"

"Karibu itaisha."

"Ulisema hivyo kabla ya Pasaka."

Ukweli ni kwamba aliogopa, na uoga huo ndio uliokuwa umebaki kwake kati ya mambo yote mtu anayoweza kuhisi. Aliogopa kufika mwisho akatafuta kilio asikione. Blanketi likiwa halijaisha, bado alikuwa mama ambaye atalia. Likiisha macho yakiwa bado makavu, Helen atakuwa amesema kweli.

Mwaka uliofuata, mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia, ujumbe ukaja kutoka Kosele. Familia inataka kufanya kumbukumbu ya Liz mwezi wa kumi na mbili, kuweka saruji kwenye kaburi, kuita kanisa na majirani. Dishon aliuleta mwenyewe alipokuja mwisho wa mwezi, akausema akiwa anatazama viatu vyake.

"Watu watakuwa wengi," alisema. "Watakuangalia, mama Liz."

"Najua."

"Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu."

Alikuwa mtu mpole, Dishon, na upole wake ulikuwa umechoka. Hakuwahi kumuuliza mkewe kwa nini hakulia. Risper aliwaza kwamba labda anaogopa jibu, na hakumlaumu. Alimwekea chakula, akarudi kwenye mashine, na usiku huo akashona mistari ya mwisho pande zote nne. Hapakuwa na mstari mwingine wa kuongeza. Kilichobaki ni kulitia mgongo.

Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu ni vipande, katikati ni kitu cha kuleta joto, na chini ni kitambaa kimoja cha kuficha mishono. Katikati Risper alikuwa na mablanketi makuukuu mawili ya Dishon. Kwa mgongo aliingia kwa Noordin kuuliza marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Noordin alikuwa mzee wa kiasi, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa ameuza vitambaa mjini humo tangu barabara ikiwa ya vumbi. Alimwomba kwanza alione. Risper akalikunjua sehemu kwenye kaunta, na Noordin akainama juu yake, akipitisha kidole mraba kwa mraba.

"Mama Liz, hili ni duka langu lote," alisema taratibu. "Hii krimplini iliingia ule mwaka wa ukame. Hii ya maua nilijuta kuinunua, haikutembea kabisa. Na hii... hii si ya pazia la mke wangu Ayesha?"

Risper alinyoosha pembe ya blanketi.

"Alilalamika kwamba halifiki chini," Noordin alisema. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua mkasi, akakata marekani ndefu, akaikunja na kumpa, na alipoona anatafuta kifuko cha pesa akamgeuzia mgongo na kuanza kupanga majora ya vitambaa kwenye rafu.

Tatizo likawa sakafu. Tabaka tatu lazima zilazwe chini zikiwa zimenyooka, zishikizwe kwa mkono kutoka katikati kwenda pembeni, la sivyo zitakunjamana. Chumba cha Risper kingelazimika kutolewa kitanda, meza na ukuta mmoja. Bonareri ndiye aliyesema waende kanisani. Kanisa lao lilikuwa la mabati na sakafu ya saruji, na mabenchi yake husogezwa. Jumamosi mchana wakabeba kila kitu, wakafagia, wakatandika.

Hapo Risper alifanya kosa ambalo ni fundi wa nguo tu anayeweza kulifanya. Alikuwa amezoea kuviona vipande vikiwa magunini, au vikipita chini ya sindano kimoja kimoja. Hakuwa amewaza itakuwaje vikilazwa vyote pamoja, mchana kweupe, saa moja kabla wanawake wa kwaya hawajaja kufanya mazoezi. Nusu ya kwaya ile ilikuwa ya wateja wake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mellen, Mkuria wa upande wa Isebania aliyeongoza sauti ya kwanza. Alisimama mlangoni akastaajabia rangi, akasema ni nzuri sana. Halafu akavua viatu, akatembea kwenye ukingo mpaka kona ya mbali, akachuchumaa.

"Nyar Kendu," alisema, "hii si ile kitenge yangu? Ile uliniambia haitoshi kilemba?"

"Ilikuwa haitoshi," alisema Risper.

"Hapa kuna kilemba na nusu."

Bonareri aliangua kicheko, akakikata ghafla, kwa sababu jicho lake lilikuwa limetua kwenye mraba wa kijivu wenye mistari. Ilikuwa suruali ya mumewe, Masese, aliyoivaa kwenye harusi ya ndugu yake ikimbana mpaka akashindwa kukaa kwa chakula.

"Yawa," alisema, akiazima neno la mshangao la Kijaluo kwa kuwa la kwao halikumtosha. "Masese alikula akiwa amesimama. Watu wakafikiri ni heshima."

Baada ya hapo hakukuwa na mazoezi. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakaelezwa, wakaenda kwa magoti kutafuta mali yao. Hii ni sketi ya mama mkwe wangu. Hii ni sare ya mtoto, tazama, ndiyo maana mfuko ulikuwa mmoja. Walimtukana Risper kwa raha, wakamwita mwizi mbele ya madhabahu, na kila aliyekipata kipande chake hakukiacha, alikaa pale pale. Kulikuwa na sindano nyingi kwenye kopo. Mtu mmoja akachukua, akaanza kushikiza mraba wake, na wengine wakafuata. Kwaya ikashona. Walianza kuimba kidogo kidogo, wakiwa wameinama, na kazi ambayo Risper alidhani itamchukua siku nyingi ikawa inakimbia mbele ya macho yake. Alitamani kuwaambia waende polepole. Aliona tabaka zinashikana, ukingo unakaribia.

Helen aliingia wakati huo. Alikuwa ametoka Kosele na gari la mchana kuja kupanga mambo ya kumbukumbu, akaambiwa dukani kwamba wifi yake yuko kanisani. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye maua madogo meupe, lililopauka kwa jua mpaka maua na manjano vikakaribia kuwa kitu kimoja. Lilikuwa gauni la Liz. Baada ya mazishi nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na shangazi wa upande wa baba hawezi kurukwa. Helen alichagua hilo kwa kuwa Liz aliliacha likiwa na urefu unaomfaa mtu mfupi. Risper alikuwa ameshamwona nalo mara nyingi. Hakuwa amewahi kuhisi kitu.

"Endeleeni tu," Helen alisema, akakaa kwenye benchi ukutani na mkoba magotini. "Nitangoja."

Kila mtu alielewa anangoja nini. Hadithi ya blanketi na kilio ilikuwa imeshatoka kwa Bonareri, ambaye ana moyo mzuri lakini hana mfuniko. Kuimba kukafifia. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa mlango wa nyuma Risper alipofika kona ya mwisho. Alikunja marekani juu ya ukingo, akashona kwa mishono midogo, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Blanketi likawa limeisha.

Alibaki amepiga magoti. Wanawake walitazama mikono yao ili wasimtazame. Risper alifumba macho, akangoja, akajisogeza ndani kwake mwenyewe kama mtu anayepapasa chumba gizani akitafuta kiberiti. Nje mtu alikuwa akifukuza kuku. Alimwita Liz kimya kimya, kwa jina la shule na kwa jina la nyumbani. Hakuna kilichokuja. Alifumbua macho akaona sakafu, rangi, na miguu ya Helen chini ya benchi. Akajua kwamba imeisha hivyo.

Mellen ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kuvunja kile kimya.

"Na ya Liz ni gani? Tuonyeshe."

Risper aliinua mkono kuelekeza, mkono ukabaki hewani. Alitazama upande mmoja, akatazama mwingine. Aliijua miraba yote ile kwa ncha za vidole. Angeweza kukuambia kila mmoja ulitoka kwa nani na mwaka gani. Alianza kutambaa juu ya blanketi, akigusa, akisogea, akigusa. Mraba wa Bonareri. Pazia la Ayesha. Mikono ya shati la mwalimu mkuu. Alifika mwisho, akageuka, akaanza kurudi.

"Mama Liz," Bonareri alisema.

"Yake hakuna," alisema Risper. "Haikubaki."

"Itakosaje na wewe ndiye ulimshonea kila kitu?"

"Ndiyo maana." Alikaa juu ya visigino vyake. Alizungumza kwa sauti ile ile ya barazani, ya kumweleza mteja. "Ya watu nilikuwa nakata ibaki. Ya Liz nilikuwa nakata iishe. Ikibaki kidogo naongeza mfuko. Ikibaki tena naweka marinda. Ikibaki bado, naikunja kwa pindo, avae miaka mingi. Yeye sikumwibia."

Hakuna aliyetazama kwenye benchi, kisha wote wakatazama. Helen alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alijitazama kifuani, akajitazama magotini. Halafu akaweka mkoba kando, akasimama, akavua viatu vyake na kukanyaga juu ya viraka mpaka mbele ya wifi yake.

"Kata," alisema.

"Ni yako. Ulipewa."

"Kata, Nyar Kendu. Mimi ni mfupi, haitanipungukia."

Risper alichukua mkasi mdogo wa kufumua. Aliinua ukingo wa gauni, akaugeuza nje-ndani kama alivyowageuzia watu maelfu ya nguo. Kwenye kitambaa kulikuwa na mstari wa pindo la kwanza, lile la darasa la saba. Juu kidogo ya ukingo kulikuwa na mstari wa pili, wa mwaka Liz aliporudi kutoka bweni magoti yakiwa nje. Mara mbili alikuwa amefumua na kushusha, Liz akiwa amesimama juu ya kiti akizunguka polepole na kulalamika kwamba amechoka. Chini ya hapo kulikuwa na mkunjo mmoja ambao haujafunguliwa bado. Risper aliukata uzi wake, akavuta, na mkunjo ukaporomoka mpaka kwenye vifundo vya miguu ya Helen.

Ndani yake jua halikuwa limeingia hata siku moja. Manjano ilikuwa manjano kama alivyoinunua kwa Noordin, na maua yalikuwa meupe, yanahesabika. Kilikuwa kipande cha upana wa kiganja, kimezunguka gauni lote. Risper alikipima kwa mkono bila kuwaza, kwa mazoea, na mkono ulipomaliza kupima ukajua ulichopima. Ulikuwa urefu ambao alikuwa amemwekea mtoto kwa mwaka uliofuata.

"Alikuwa bado anarefuka," alisema.

Maumivu yalimjia hapo, makali na ya wazi, chini ya mbavu, na yalikuwa mabaya kuliko alivyowahi kuyaogopa. Alikikunja kile kitambaa, akajiziba nacho mdomo. Hakukuwa na nduru. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechomwa na sindano na kidole kikabaki chini ya mashine, na iliendelea kutoka.

Helen alikuwa amengoja kilio hicho tangu mwaka uliopita ili amhukumu nacho. Sasa alisimama juu ya blanketi na gauni lililofumuliwa, miguu peku, hajui aweke wapi mikono yake. Mwishowe akakaa chini taratibu, gauni na yote, ili wifi yake asilazimike kukiachilia kile kipande.

"Ni mimi nilisema yale maneno," alisema.

"Najua," alisema Risper, na akamshika mguu.

Wanawake wa kwaya hawakuondoka. Walisogea mmoja mmoja mpaka wakawazunguka, na blanketi lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye saruji.